Radhi Niliyokupa Haraka

Bakari, mdogo wangu,

Barua hii sitaki kumwandikisha mtu. Mambo yake ni ya aibu yangu mwenyewe.

Asubuhi ile ulikuja Msambweni kutoka Ukunda, kanzu imepigwa pasi. "Shikamoo dada. Nimekuja kutaka radhi." Ramadhani, watu wanapotakana radhi, ilikuwa mbali, wala hukuwa na safari. Nikakutania, "Kwani umeoa wa pili kwa siri?" Ukacheka kidogo. Nikakuwia radhi, duniani na akhera, nikakumiminia chai. Ulipoondoka nikajisifu kwa jirani kwamba mdogo wangu ameshika dini.

Wiki hiyohiyo ulijiua, tukakuzika.

Nami mwalimu mzima, Bakari! Nilikuona umekonda, hulali, nikasema ni uchovu wa kazi ya hoteli. Kabla ya hapo ulikuwa umeniambia, "Dada, nimechoka kuishi." Nikakukemea, "Astaghfirullah! Usikufuru." Hukusema tena. Niliogopa kukuuliza zaidi, nikidhani nikilitaja neno lile nitakutia wazo. Mazishini nikawaambia watu ni presha.

Mwaka huu, miguu iliponikataa, mawazo kama yako, ya kuchoka kuishi, yalinijia na mimi. Naswali nimekaa kitini, na hapohapo kwenye swala yananijia. Muuguzi wa zahanati aliniuliza waziwazi, "Bibi, umewahi kufikiria kujiua?" Nilitaka kumfokea. Nikalia. Aliponiuliza tu, nilipata pumzi. Akasema huu ni ugonjwa, unatibika, na nisikae peke yangu. Natibiwa sasa, usingizi umeanza kurudi.

Ni swali dogo, Bakari. Mimi nilikunyima.

Binti yako Mwanasha ndiye anayekaa nami. Uongo wangu wa presha hakuuamini, watu walishamnong'oneza. Juzi aliniuliza, "Shangazi, baba hakunipenda?" Nikajifanya nahesabu tasbihi. Tangu siku hiyo amekuwa kimya, na chakula anakirudisha jikoni bila kukigusa.

Sitakufa na jambo hili kifuani. Nitamwambia ulikuwa mgonjwa, kwamba ulinijia ukaniambia, nami nikakufunga mdomo. Akinichukia, ana haki. Kisha nitamuuliza yeye analalaje, anawaza nini, hata lile neno nitalitaja, na sitamkatiza. Ikibidi, twende zahanati pamoja, anishike mkono.

Mungu akurehemu, mdogo wangu. Lala salama.

Namsikia jikoni anakaanga samaki. Naiweka kalamu, nimwite.

Dada yako