Kisima kwenye Hati ya Shamba

Mdogo wangu Mwanakheri,

Salamu kutoka Sib, Maskati, kwenye jua linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Jana mwenyeji wangu, Bi Zuwena, alinikaribisha kahawa na halua, akanionyesha hati iliyotundikwa ukutani. Serikali ya wakoloni ilimpa babu yake shamba huko kwetu nyumbani, na hapo ndipo mji wetu ulipoanzia. Akanisomea: “Pori tupu, lisilo watu. Mpaka wa kibla ni kisima cha zamani.”

“Bibi, kama hapakuwa na watu, kisima kachimba nani?”

Akavua miwani. “Ala! Miaka yote mie nnaitazama hati hii, sijajiuliza. Wewe wamjua?”

Nikamwambia kuwa marehemu mume wangu, Makame, alikuwa akisema ni wazee wake waliokichimba, nasi tukimcheka kuwa anajitafutia ukubwa. Bi Zuwena hakucheka. Aliisoma tena mistari ile polepole, kisha akasema, “Basi wazee wa mumeo walimtangulia babu yangu. Mungu amrehemu Makame wako.”

Ukipita kaburini kwake, msomee Fatiha, umwambie hatumcheki tena. Nakubusu wewe na wanao.

Dada yako,
Salma