Damu Uliyoitoa kwa Fahari

Nairobi,
9 Machi 1981

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kiwanjani, na kwamba mbuzi wamesalimika na kiangazi. Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kuinamia hadubini.

Unakumbuka Akuam alivyozaliwa: macho yameinuka pembeni, shingo laini, ulimi haukai kinywani. Kaka Lomuria alimpenda mwanawe. Wewe ulimwita mzee Lokaale, mkachinja mbuzi, akatandaza matumbo na kuyasoma. Akasema kasoro imekuja na bibi arusi kutoka Leparua. Jumapili ulikwenda kanisani kama kawaida. Jumatatu Natabo, mkewe Lomuria, alirudishwa kwao Leparua na mtoto mgongoni. Lomuria akaenda kuchunga mbuzi. Na mimi, ninayesimama juu ya meza chuoni kuwalaani wakubwa wanaohukumu watu bila ushahidi, nikagundua kwamba mahakama ya namna hiyo imeketi nyumbani kwetu, na hakimu ni mama yangu.

Ndiyo maana nilikuja Desemba na sindano. Nilikueleza wazi kwamba nataka kujua kasoro ilitoka wapi, na kwamba Natabo na Akuam nimekwisha kuwatoa damu. Lomuria alisitasita. Wewe ukamsukuma kando, ukanyoosha mkono mbele ya majirani na kusema, "Chukua yangu kwanza, Erot. Waone damu safi inafananaje, halafu ukamwonyeshe yule wa Leparua." Wanawake walicheka. Nami nilicheka, kisha nikamtoa Lomuria damu.

Nikaisafirisha damu ndani ya chupa ya barafu. Huku tunaikuza kwa siku kadhaa katika joto la mwili, tunazisimamisha chembe zake hai zinapojigawa, tunazitandaza juu ya kioo na kuzipiga picha. Ndani ya kila chembe mna nyuzi fupi ziitwazo kromosomu, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Tunazikata picha kwa makasi na kuzipanga mbilimbili, kubwa hadi ndogo. Hizo hazijui nani kachinja mbuzi, wala nani kapewa nyama nono.

Nilianza na Natabo. Zake zote ziko sawa. Akuam alikuwa na uzi mdogo wa ziada, umegandamana na mwingine mkubwa. Huo ndio uliompa sura yake. Nikapanga za Lomuria. Nikaukuta uzi uleule umegandamana vilevile, ila kwake hakuna kilichozidi, ndiyo maana ni mzima. Ameubeba tu. Nikamtafuta aliyembebesha.

Ni wewe, Mama. Nilipanga upya, nikamwomba mwalimu wangu apange mwenyewe, ni wewe. Yaelekea hata zile mimba zako zilizoharibika, ulizodai ulirogwa na marehemu nyanya, ziliharibiwa na uzi huohuo. Ungeniuliza kama ni kosa lako, ukweli ungenilazimu kusema si kosa la mtu yeyote. Lakini wewe hukumpa Natabo neno hilo la faraja, nami sikupi.

Sasa umemwoza Lomuria mke mwingine, Jecinta, na nasikia ana mimba. Mtoto huyo anaweza kuzaliwa mzima. Anaweza pia kuzaliwa kama Akuam. Ikiwa hivyo, nijulishe safari hii utamfukuza nani.

Najua ulishtuka kumwona Natabo mlangoni ameshika barua yangu, na kwamba umemruhusu aketi kwa sababu tu hujui kusoma. Nilitaka Jonah wa kanisani akusomee. Nilipomwandikia majibu ya damu, Natabo alikataa, akasema atasoma mwenyewe. Basi ni yeye anayekuambia sasa kwamba Akuam alikufa kwa kifua mwezi uliopita, akazikwa Leparua bila mtu hata mmoja wa ukoo wetu. Akinyamaza hapa, usimharakishe.

Wasalimie Lomuria, Jecinta na wote wanaoniulizia. Chuo kikifungwa nitafikia Leparua.

Ni mimi mwanao,
Erot