Sauti Juu ya Mwanga

Kettering, Tasmania
Jumapili, mwezi wa Juni

Dada yangu mpendwa Maureen,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba shemeji Ross bado anakusumbua kwa utani wake, maana siku akinyamaza ndiyo nitaogopa. Mimi ni mzima. Baridi imeshika, lakini kuni zipo na hamu ya kula ipo.

Uliniuliza ninashinda wapi siku hizi hata sipatikani. Ninashinda karakana ya kijiji, nalehemu nyaya. Usicheke. Kuna mzee wa ng'ambo ya maji, kisiwani Bruny, anaitwa Alwyn Pybus, mfuga nyuki, mgane. Siku moja pale karakanani alidai kwamba mtu anaweza kutuma sauti yake kwa mwanga wa taa. Nikamwambia asali imempanda kichwani. Akanijibu, "Basi tengeneza yako, bibie, tuone nani atanyamaza kwanza."

Nikatengeneza. Niliunganisha taa ya baiskeli na kipaza sauti cha zamani, ili mwanga utetemeke kadiri ninavyosema. Upande wa kupokea niliweka ile plastiki bapa ya kukuzia maandishi, aliyokuwa akisomea gazeti marehemu Keith wangu. Inakusanya mwanga na kuumwaga juu ya kipande cha sola, nacho kinapeleka sauti kwenye spika. Alwyn akatengeneza kama hiyo kwake.

Jioni ya kwanza niliambulia mngurumo tu, kumbe taa za gati zinaingilia. Nikalivisha sanduku la kupokelea mdomo mrefu wa kadibodi nyeusi, nikalielekeza upya kwenye nukta ya taa yake. Spika ikakohoa, kisha mtu akasema, "Nerida, umevaa tena lile koti la njano? Nakuona kwa darubini." Nililia huku nacheka, dada. Sauti imevuka maji yote yale bila waya, kwa kazi ya mikono yetu.

Tangu hapo tunaongea kila magharibi. Mvua ikinyesha anakatika. Feri ikipita anakatika katikati ya neno, nami namsubiri.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi Alwyn aliniuliza kama ningekubali kuolewa naye. Nikasema ndiyo, na papo hapo feri ikakatiza. Ilipopita, taa yake ilikuwa imezimwa. Alidhani nimenyamaza kwa kukataa. Nikampigia simu, hakupokea.

Asubuhi nikapanda feri. Nilimkuta kwenye gati la kisiwani, amefunga tai, anasubiri kuvuka aje kuniomba radhi. Nikamwambia, "Nilikubali jana, mzee. Ilikuwa feri tu." Akaniomba niseme tena, injini zinapiga kelele. Nikasema tena, kwa sauti, mpaka yule kijana anayeongoza magari akatuambia tubusiane au tupishe, watu wana safari zao.

Najua umeshanipakia rangi chumba huko Perth, na hili litakuuma. Sitahamia, Maureen. Nilikuwa nimekubali kuja kwako kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Sasa si kimya tena.

Harusi ni Septemba, hapahapa. Njoo usimame kando yangu. Alwyn ameniagiza nikuambie kwamba anakuogopa sana.

Msalimie Ross na wajukuu wote. Nawabusu.

Mdogo wako akupendaye,
Nerida