Baba Ametoka Sasa Hivi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la viatu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi. Wifi hajambo? Mwanao anaendeleaje na shule? Sisi wazima, ila macho ya Mama; nitafika huko.

Mimi bado napiga pasi kwa dobi, na mdomo huu uliouita Cherehani bado haujapata likizo. Ndiyo maana sikuvumilia kuona mwanao na bibi yake wakisalimiana kwa kuguna kwenye simu. Hukumfundisha lugha yetu hata "shikamoo". Basi, kwa kuwa anajua Kihispania cha huko kwenu tu, nikajiunga na darasa lake la jioni, na kila nilichokipata nikamletea Mama.

Kilichotutesa ni vitenzi. Kwetu mtu huanza kula, huacha kula, yamekwisha. Kwao vitenzi vingi havifuatwi na kitenzi kingine mpaka kijineno kipite katikati. Kuanza kunataka a: empezar a comer. Kuacha kunataka de: dejar de comer. Kuota kunataka con. Kutaka, querer, hakuhitaji mtu. Nikamuuliza mwalimu sababu. Akasema a mara nyingi huelekea mbele, kwenye jambo linaloanza. De hutoka kwenye jambo lililoachwa au lililokwisha. Vingine vimezoeleka hivyo tu, unameza na kokwa zake. Mama alicheka sana: "Kumbe vina wapambe kama bibi harusi!"

Nilimwandikia kwa herufi kubwa, tukabandika ukutani jikoni. Juu ya birika tuliweka acabar de, ya kusemea jambo lililofanyika sasa hivi: acabo de llegar, nimefika sasa hivi; acabo de salir, nimetoka sasa hivi. Alizisoma kila akichemsha chai, pua ikikaribia kugusa karatasi.

Alhamisi anapasuliwa jicho. Daktari hakuahidi kitu. Mama alitaka jambo moja tu, asikie sauti yako kabla ya kulazwa. Lakini kila tukipiga, wifi hujibu "ametoka", neno pekee la kwetu analolijua. Nilikutetea, kaka. Nilisema kazi za ugenini hazina adabu.

Jana alipokea mwanao. Simu tuliiweka mezani, sauti juu. Mama akamwambia sentensi aliyoifanyia mazoezi: Sueño con verte, naota kukuona. Mtoto akafurahi, akaita, "¡Papá, la abuela!", Baba, ni bibi! Na wewe ukajibu, hapo hapo karibu naye, bila hata kushusha sauti: "Dile que acabo de salir." Dile ni mwambie; yaliyobaki Mama aliyasoma kila siku juu ya birika.

Mwanao mtiifu akarudia. Mama akamshukuru vizuri kwa Kihispania chake kile kile, akakata simu. Hakulia. Alikwenda jikoni, akaibandua ile karatasi ya juu ya birika, akaikunja na kuitia chini ya mguu wa meza ulio mfupi.

Mimi nimelia kwa hasira. Wanasema damu nzito kuliko maji. Yako imeingia maji.

Nisalimie wifi, na umbusu mwanao, yeye hana kosa. Shangazi naye anakusalimu, hajaambiwa kitu. Mungu akulinde huko, na huku ampe daktari mkono mwepesi.

Nilimuuliza Mama kama ana neno la kukuandikia. Amesema: "Mwambie mwanangu sauti yake nimeisikia, imetosha. Na asihangaike tena kutoka kila nikipiga. Akae tu ndani, sipigi."

Mdogo wako akupendaye, leo kwa shida,
Cherehani