Modemu ya Zamani na Kengele Yenu ya Jioni

Kibagabaga, Gasabo,
Kigali.
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Mpendwa dada yangu Uwineza,

Amani ya Bwana iwe nawe na masista wote wa nyumba yenu. U hali gani? Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za mawe? Katika barua yako ya Pasaka, ambayo tuliipata mvua zimeshakatika, ulisema unapanda ukishikilia ukuta. Natumaini joto la huko Italia limekupunguzia maumivu. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mama, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo. Vumbi la kiangazi limetujaa hadi kwenye vikombe, lakini hilo si geni kwako.

Usishtuke. Mama anakula, anaongea, na anagombana na kila mtu kama kawaida yake. Ila ule uvimbe wa shingoni uliouona kwenye picha za harusi umekua. Sasa unambana koo, hata usiku analala amekaa, mito imepangwa mgongoni. Madaktari wamesema utolewe, na kitanda chake kimewekwa Jumatatu hii. Mara ya kwanza alipopewa kitanda alikataa. Akikataa tena kitapewa mwingine, na daktari ameniambia waziwazi kwamba uvimbe huu hautatungojea zamu ya tatu.

Hakatai kisu. Anakataa kukatwa wakati wewe hujui. Unakumbuka baba alipofariki. Tulipiga simu kwenu, padri mmoja aliyesoma Roma akatusemea Kiitaliano, tukaambiwa masista wa ndani hamuitwi kwenye simu, ujumbe utafikishwa. Ulikufikia sisi tumeshamaliza kilio na watu wamerudi makwao. Katikati ya siku hizo ikaja barua yako ya kumuuliza baba kama kile kikohozi kimepungua. Mama aliisoma amesimama, kisha akakaa, na hajaisahau mpaka leo. Kwa hiyo nilipomwambia mwezi huu kwamba tutapiga simu tena, alinijibu hivi:

"Oya, hapana, Kellen. Simu inapita mdomo ya watu. Mimi nataka nimwite mtoto yangu, na yeye aniitike. Asipoitika, siingii."

Kuitika anakokutaka unakujua. Ni lile neno tulilofundishwa tangu tunatambaa: mzazi akikuita unasema "Karame", hata kama umenuna, hata kama uko nyuma ya nyumba unafanya usilotakiwa kufanya. Neno lenyewe linamtakia mtu maisha marefu, na mama analitaka kutoka kwako, kwa mwandiko wako, kabla hajalala pale kitandani. Nimembembeleza, nimemgombeza, kaka yetu Gatera amekuja kutoka Rwamagana kumsihi. Hakubali. Basi nikasema moyoni, kama ni kuitikiwa tu, ataitikiwa.

Posta tunaujua mwendo wake. Kompyuta masista hamna. Lakini juu ya karatasi zenu, chini ya picha ya kanisa, pamechapwa namba ya faksi, na uliwahi kuniandikia kwamba mashine hiyo iko kwenye chumba cha sista wa mlangoni kwa ajili ya daktari na askofu. Nikaingia mjini kutafuta faksi. Dada, walinicheka. Mwenye duka mmoja wa Gitega aliniuliza kama nataka na telegramu pia. Zile huduma za kutuma faksi kwa mtandao nilizijaribu, zikaikataa kadi yangu ya benki kila mara.

Hapo ndipo nikakumbuka sanduku la Rwema. Shemeji yako unamjua, hatupi kitu. Zamani, alipofanya kazi kwenye ofisi ya kuuza intaneti, enzi zile za kupiga simu ndipo usome barua pepe, alirudi nyumbani na modemu ya kijivu yenye safu ya taa nyekundu. Ndicho kile kisanduku kinachogeuza maandishi ya kompyuta kuwa mlio na kuyapitisha kwenye simu, na hiki cha Rwema kinajua kuzungumza na faksi pia. Tumehama nacho kila nyumba tuliyopanga. Nilipomwambia nataka kukifufua alisema hicho ni cha makumbusho. Nikamwambia basi makumbusho yanafunguliwa leo.

Alidhani nitachoka. Laptop yangu inatumia mfumo wa Linux, tangu ile nyingine ilipojaa virusi ikaniharibia kazi za duka la dawa, na Linux ina sifa moja nzuri: haidharau vitu vya kale. Lakini haikubembelezi pia. Kwanza modemu ina waya wenye plagi pana ya vijino vingi, na laptop za siku hizi hazina tundu lake. Nikanunua adapta, kompyuta haikuiona kabisa. Nikairudisha, muuzaji akaapa kwamba ni nzima, nikavuta kiti nikakaa pale dukani kwake mpaka akanipa nyingine. Hiyo ikaonekana. Halafu kompyuta yangu mwenyewe ikaniandikia kwamba sina ruhusa ya kuigusa modemu. Nilicheka nikikukumbuka wewe. Kumbe hata humu ndani kuna Mama Mkuu, na lazima umwombe akuingize kwenye kundi la wanaoruhusiwa kupiga simu. Nikaomba, nikaingizwa, nikatoka na kuingia upya kama inavyotakiwa.

Ndipo nikaandika zile herufi mbili za kuiamsha, AT. Modemu ikajibu OK. Nilipiga kelele za furaha mpaka mama akauliza kutoka sebuleni kama umeitika. Nikamwambia bado, aliyeitika ni modemu. Akasema modemu hakuizaa yeye.

Siku hizi simu yetu ya mezani inapita kwenye kile kifaa cha intaneti kilichotundikwa ukutani, nyuma yake kuna tundu la kuchomeka simu. Nikachomeka modemu pale. Ikagoma. Inasema haisikii mlio wa simu. Mlio ulikuwepo, nilichomeka simu ya kawaida nikausikia kwa sikio langu. Nilihangaika nikisoma majibizano ya watu ambao wameachana na mambo haya kitambo, mpaka nikaelewa kwamba modemu ilifundishwa mlio wa nchi ilikotengenezwa, na huu wetu haiutambui. Dawa yake ni amri fupi ya kuiambia iache kungoja, ipige tu. Nikaipa amri hiyo. Ikapiga.

Na simu ikapokewa na mtu. Sista wenu wa mlangoni alisema "Pronto?" na modemu ikamlilia sikioni. Naomba umwombe radhi kwa niaba yangu, tena kwa kupiga magoti kama goti litakubali. Nilijaribu tena na tena, na kila mara yule mama wa watu anawahi kuinua simu kabla mashine haijapokea, anasalimu, anangoja ajibiwe, anasalimu upya kwa upole ule ule. Mara ya mwisho nadhani alikuwa ananiombea. Mashine hizi nazo haziingii kwenye habari kabla ya kujuliana hali, na mtu akiingilia katikati ya salamu zao, hakuna kinachoendelea. Nilikaa nimeshika kichwa. Niliona aibu, na nilikasirika pia, maana shida yangu yote sasa ilikuwa ukarimu wa sista mmoja.

Mama, ambaye siku zote hizo alijifanya hajali, akaniuliza kama masista wa siku hizi wameacha kusali.

Nikaenda kuzitoa barua zako, na kweli, katika ile ya mwaka wako wa kwanza ulieleza yote: kengele ya jioni ikilia kila sista anaacha alichoshika, hata wa mlangoni, na simu ikilia wakati huo hakuna wa kuigusa, inapokelewa na mashine.

Jana jioni nilisubiri saa yenu ya kengele, ambayo majira haya ni sawasawa na saa yetu. Nikapiga. Ikalia, ikalia, hapakuwa na "Pronto". Mashine yenu ikaitika. Zikaanza kusalimiana, halafu zikaachana njiani, kwa sababu simu inayopita kwenye intaneti haivumilii haraka. Nikaipunguzia modemu mwendo hadi ule wa kobe, nikapiga tena nikiomba zaburi zenu ziwe ndefu. Ukurasa ukapita, kompyuta ikaandika kwamba umepokewa wote. Ndio ule wenye maneno makubwa ya kukuambia usubiri barua kesho jioni. Barua yenyewe ni hii, nitaipiga picha niiingize kwenye kompyuta, nawe utazikuta karatasi zake mkitoka kanisani.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililotaka kukuambia kuliko mengine yote. Modemu ina spika ndogo. Mama alikuwa amekaa kando yangu na mito yake. Mashine yenu ilipoitika, ule mlio mbaya, kama bati linaloburutwa kwenye saruji, ukajaa chumba kizima. Nikanyoosha mkono nipunguze sauti. Mama akanishika mkono.

"Reka, wacha kwanza. Hiyo inatoka kwa Uwineza?"

Nikamwambia ndiyo, inatoka ndani ya nyumba anamolala Uwineza. Akainamisha sikio, akabaki hivyo mpaka mlio ukakoma. Dada, tangu ulipoingia huko hatujasikia hata mlango wa nyumba yenu ukifungwa. Mimi nililia, wala sikujificha. Mama hakulia. Aliniambia nipige tena ili asikie vizuri. Nikapiga, nikatuma ukurasa ule ule, na ndiyo sababu umeupata mara mbili.

Nilidhani hilo lingemtosha. Halikumtosha. Asubuhi ya leo amesema nyumba yako imeitika, bado wewe.

Basi nakuomba, ukimaliza kusoma nenda moja kwa moja kwa Mama Mkuu. Mwambie yote, mwonyeshe na karatasi hizi. Omba karatasi moja, uandike neno moja kwa wino mweusi na herufi nene, mwandiko wako ule ule wenye mikia mirefu ambao mama anautambua. Namba yetu nimeiandika juu ya kila ukurasa. Modemu nimeiamuru ipokee yenyewe, na haitazimwa mpaka Jumatatu asubuhi tutakapotoka kwenda hospitali. Umeme ukikatika, nimeazima betri kwa jirani. Rwema, yule wa makumbusho, amebandika kwenye simu karatasi ya kumkataza mtu yeyote kuigusa, na anamlinda hasa Shangazi Trinah, ambaye akisikia simu inalia hawezi kujizuia kusalimu.

Kama neno lako halijafika, nitapiga Jumamosi jioni, na Jumapili, na Jumatatu kwenye sala zenu za alfajiri. Mimi siachi. Kitanda hiki mama atakilalia.

Gatera na mkewe Mukunde wanakusalimu. Rwema anasema goti lipakwe samli ya moto, wewe sikiliza daktari. Shangazi Trinah anakukumbuka kila anapopanga viti vya kanisani, kazi uliyomwachia. Nami nawasalimu masista wote, na kwa namna ya pekee sista wa mlangoni, ambaye nampenda bila kumjua.

Mungu aliyekuchagua akulinde ulipo, na akifanye kidogo tutakachokipata kutoka kwako kitutoshe.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kichwa kigumu kama cha mama yake,

Kellen

Hapa chini ni mkono wa mama mwenyewe. Nilimwachia ukurasa mzima, hakuutaka.

Uwineza we,

nimekuita.

Mama yako,
Mukarugwiza