Nyusi za Uwesu Kwenye Posa

Selina, usinipigie. Nimejifungia chooni kwa wakwe wa Uwesu, Buguruni. Soma tu.

Kaka yangu kachoma sindano za nyusi. Ndiyo, Uwesu huyuhuyu, muuza viatu wa Kariakoo. Kaambiwa saluni kwamba mwanaume wa kisasa nyusi zinapanda. Basi zimepanda. Hazishuki.

Na leo ndiyo posa. Mila ni mposaji abaki kwao, mshenga ndiye aongee. Yeye kang'ang'ania kuja, ili nyusi zionekane.

Zimeonekana, Selina.

Baba wa binti kasema, "Mwanetu amemaliza chuo." Kamtazama Uwesu. "Mbona unashangaa, kijana?"

"Sishangai, mzee." Huku uso mzima unashangaa.

Mzee kaendelea, binti anajua na kupika. Kamtazama tena. "Na hilo nalo huliamini?"

Mzee kaona anadharauliwa nyumbani kwake. Kaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu, ainuke. Nikajua posa imekufa.

Mshenga wetu kajikohoza. "Mzee, msamehe kijana, ndivyo alivyoumbwa."

Mama wa binti kasema, "Hakuumbwa hivyo. Mwezi uliopita aliniuzia viatu."

Jasho linamtoka Uwesu, anajaribu kukunja uso. Uso haukunjiki.

Ikabidi binti mwenyewe aitwe, aulizwe kama anamtaka. Kamtazama Uwesu weee, hadi nikaona aibu mimi. Halafu kasema, "Namtaka hivyohivyo."

Wote tukageuka kumwangalia Uwesu.

Mama mtu kashusha pumzi. "Hata mwenyewe haamini."