Pampu Iliyokatazwa Kusimama

Jumanne, Kinoo

Na bado sijui ningemwambia bosi nini zaidi.

Wiki nzima nimekuwa nikirekebisha ile sehemu ya programu inayopima kasi ya saa ya prosesa, yaani mapigo ya kuhesabia sekunde, ndani ya pampu yetu ya kumtilia mgonjwa dawa mshipani. Ya zamani ilikuwa fujo. Kipimo kikikosea, mara inajaribu tena, mara inakisia kasi na kuendelea. Nilifuta yote hayo. Kipimo kikikataa, pampu isimame na kupiga kengele. Basi.

Leo ofisini Parklands, bosi wangu Mutua ameiona.

"Mwende, hii itatuaibisha. Wauguzi wakiona pampu zinajizima, watazirudisha zote."

"Lakini haitajua sekunde ni ndefu kiasi gani, bosi. Itapima dawa aje?"

"Wacha ikisie. Ijumaa zinaenda wodini."

Akairudisha ya zamani mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama hapo kando.

Mara nyingi itakisia sawa. Hizo nyingine, mgonjwa atapata dawa nyingi mno, au kidogo mno.

Mama amepiga simu kutoka Machakos. Nimemwambia tu kwamba pampu zinaenda hospitalini. Amefurahi sana, ati Mungu ametumia mikono yangu. Kisha akaanza kuomba.